eFootball ya Konami: Mpira Mzuri Ndani ya Duka la Kadi

Mtu akiniuliza leo kama apakue eFootball, gemu ya soka ya Konami ya Japani, kwenye simu yake, nitamjibu apakue, kwa sababu ni ya bure na mpira wake unachezeka vizuri. Akiniuliza kama aweke matumaini kwa kampuni inayoitengeneza, itabidi avute kiti, maana jibu hilo ni refu na halipendezi kama la kwanza. Wapenzi wa gemu za soka hapa Dar es Salaam wamekuwa wakiulizana swali hili la pili tangu Julai 2021, Konami ilipotangaza kwamba jina la PES (Pro Evolution Soccer), gemu yake ya soka ya miaka mingi, linastaafishwa na kwamba hakutakuwa tena na toleo jipya la kununua kila mwaka. Wasiwasi wao haujaisha, na kwa maoni yangu una msingi, ingawa wengi wanaogopa jambo ambalo silo.

Ili mapitio haya yaeleweke, ni lazima kwanza ifahamike kile ambacho eFootball imekuja kukirithi. Kuanzia Manzese hadi Mbagala, Buguruni hadi Tandika, mabanda ya gemu yaliendeshwa kwa miaka mingi na PlayStation 2 iliyowekwa chipu, televisheni ya chogo na diski ya PES iliyochomwa Kariakoo. Mechi ililipiwa kwa sarafu, aliyefungwa aliachia pedi, na aliyeshinda alibaki amekaa akimsubiri mwingine. Katika PES 6, iliyotoka mwaka 2006, Adriano wa Inter Milan alikuwa na nguvu ya shuti iliyofika 99, kiasi kwamba yapo mabanda yaliyoweka sheria kuwa Inter haichukuliwi, na anayeichukua ajue kwamba ushindi wake hautahesabiwa. Konami haikuwa na leseni ya timu nyingi za Uingereza, hivyo Liverpool iliitwa Merseyside Red na Chelsea ikaitwa London FC, lakini watoto wa shule ya msingi waliyamudu majina hayo bila kufundishwa na mtu.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba gemu hiyo ilikubali kufanywa mali ya anayeicheza. Haikuhitaji intaneti, haikuomba akaunti, na ilikuwa na sehemu ya kuhariri ambapo mtu mwenye subira angeweza kubadilisha majina, jezi, sura na hata urefu wa soksi. Vijana wa hapa nyumbani waliitumia nafasi hiyo ipasavyo, wakaingiza Simba na Yanga bila kumsubiri mtu yeyote kule Japani azikumbuke, na baadaye, PES ya PSP, ile mashine ya mkononi ya Sony, ilipoanza kuchezwa kwenye simu kupitia programu ya PPSSPP, mafaili yenye jezi za Ligi Kuu yakawa yanazunguka kwa fleshi na kwa WhatsApp. Ni haki pia kusema waziwazi kwamba sehemu kubwa ya mapenzi hayo haikuiingizia Konami hata shilingi moja. Kwa mtazamo huo, eFootball imefanya jambo ambalo PES haikulifanya hapa mjini: imewageuza vijana wa Dar es Salaam kuwa wateja halali, wenye akaunti zao, wanaonunua vitu kwa njia halali, na kwa hiyo wenye haki kamili ya kuuliza fedha zao zinajenga nini.

Uzinduzi wenyewe ulikuwa fedheha. Mwaka 2020 Konami ilitoa PES 2021 kama sasisho la msimu tu, kwa bei iliyopunguzwa, ikieleza kwamba nguvu zake imezielekeza kwenye injini mpya, na mashabiki wakakubali kusubiri kwa kuwa maelezo yalikuwa na mantiki. Kilichokuja tarehe 30 Septemba 2021 kilikuwa gemu yenye timu 9 tu za kuchagua, sura za wachezaji zilizopinda, mabeki wanaogongana wenyewe kwa wenyewe, na mfumo wa kujilinda ambao ulikuwa kana kwamba umesahaulika. Katika Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ikawa ndiyo gemu iliyopewa maoni mabaya kuliko nyingine yoyote wakati huo. Kampuni iliomba radhi siku chache tu baadaye, kisha ikaahirisha toleo la 1.0 lililokuwa litoke Novemba mwaka huo, na waliokuwa wamelipia kifurushi chake mapema wakarudishiwa fedha. Toleo hilo lilitoka tarehe 14 Aprili 2022. Kwa maneno mengine, kilichozinduliwa mwanzoni kilikuwa ni kazi ambayo haijaisha, na waliotengeneza walilijua hilo, kwa kuwa namba waliyoipa wao wenyewe ilikuwa 0.9.

Sasa nizungumzie gemu ilivyo leo, kwa sababu si haki kuihukumu milele kwa aibu ya siku ya kwanza. Uwanjani imepona, na zaidi ya kupona. Uzito wa mpira ndio sifa yake kuu: pasi inayopigwa na kiungo aliyegeuka vibaya haifiki ilikokusudiwa, na mshambuliaji anayepokea mpira akiwa amegeuzia goli mgongo hulazimika kuutuliza kabla ya kufanya lolote la maana. Kwenye konsoli, ukishika kitufe cha R2 kisha ukabonyeza kitufe cha shuti, mchezaji huchukua hatua ya ziada, huweka mwili sawa, na mpira huondoka kwa kasi ambayo kipa wa kawaida hawezi kuifikia. Lakini hatua hiyo ya ziada ndiyo hasa beki mwenye akili anayoisubiri, naye akiingiza mguu wakati huo, mshambuliaji anabaki anapiga hewa. Hapo ndipo mtu aliyezoea kukimbiza winga kwa kasi tangu mwanzo hadi mwisho hugundua kwamba anafungwa na mtu mwenye wachezaji wa kawaida anayejua kusubiri. Kwa kucheza wawili mkiwa mmekaa bega kwa bega, sijaona gemu ya soka ya sasa inayotoa ushindani wa namna hiyo, na nasema hivi nikijua kwamba wapenzi wa EA, kampuni yenye gemu shindani ya soka, watanuna.

Kwenye simu mambo ni mazuri kuliko mtu angetarajia. Vitufe vya kwenye kioo vinatosha kwa pasi, shuti na kukaba, na simu za bei ya kati zinazojaa madukani Kariakoo zinaiendesha bila kupata joto la kutisha, mradi picha zishushwe kiwango kidogo. Tatizo linabaki kuwa intaneti. Gemu hii inataka iunganishwe hata pale unapocheza na kompyuta peke yako, na hakuna anayeishi mjini hapa asiyejua maana ya mtandao kutetereka ndani ya daladala katikati ya foleni ya Ubungo, mechi ikiwa dakika ya themanini na wewe unaongoza. Wapo pia wanaoapa kwamba gemu yenyewe ndiyo huamua nani ashinde, na kwamba wachezaji wao hulegezwa miguu makusudi. Sijaona ushahidi wa madai hayo, na mara nyingi nayasikia kutoka kwa mtu aliyefungwa.

Nikitoka uwanjani nakutana na duka, na hapa ndipo sifa zinapoanza kupungua. eFootball inaendeshwa kwa fedha za aina mbili: zile unazozipata kwa kucheza, ziitwazo GP, na sarafu za eFootball ambazo hununuliwa kwa fedha halisi, ingawa kampuni hugawa chache za bure kwa wanaoingia kila siku na wanaoshiriki matukio yake. Wachezaji wanaotamaniwa zaidi, wakiwemo magwiji waliostaafu wanaopewa kadi za Epic, hawauzwi moja kwa moja. Unalipia kuzungusha, na unachokipata ni bahati yako. Kwa kawaida sanduku moja huwa na wachezaji 150, na kati yao Epic ni 3. Kila ukizungusha mara moja unalipa sarafu 100, au 900 kwa mara kumi. Anayetolewa harudishwi sandukuni, hivyo hesabu yake si ngumu: kwa wastani utahitaji kuzungusha mara 38 hivi ili umpate mmoja kati ya wale watatu, na ikiwa unamtaka gwiji fulani tu, wastani unapanda hadi mara 75 na ushee. Wiki chache baadaye gwiji huyohuyo huweza kurudi katika kadi nyingine yenye namba kubwa zaidi, na ile uliyoitolea jasho ikakaa benchi.

Sitaki kuliita jambo hili wizi, kwa kuwa uwezekano huonyeshwa na hakuna anayelazimishwa. Hata hivyo, siyo siri kwamba Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kuwa masanduku ya bahati yanayolipiwa yanaangukia chini ya sheria zake za kamari, na EA ikaacha kuuza pointi za kununulia kadi katika gemu yake ya FIFA nchini humo Januari 2019. Mzazi wa Dar es Salaam ambaye ameunganisha simu ya mtoto na kadi ya malipo ya mtandaoni anapaswa kufahamu kwamba anachokiruhusu ni kitu ambacho serikali nyingine imekitazama na kukiita kamari. Nenosiri la kuthibitisha kila ununuzi liwekwe kabla mtoto hajaanza kuipenda kadi ya Messi wa mwaka 2011.

Kwa wale waliokulia kwenye PES, kidonda kikubwa si kadi, ni Master League, yaani sehemu ya kuongoza klabu msimu hadi msimu. Hii ndiyo sehemu iliyokuwa inamfunga mtu kwenye kiti mpaka anasahau kula. Ulianza na wachezaji wa kubuni ambao hakuna klabu duniani ingewasajili, akina Castolo, Minanda, Espimas na kipa wao Ivarov, ukapanda daraja kwa tabu, ukawauza mmoja mmoja kwa uchungu, na msimu wa nne ulikuwa na kikosi chako ambacho hakuna mtu mwingine alikuwa nacho. Castolo hakuwa na kasi wala chenga, lakini mpaka leo wapo watu wazima wenye familia wanaokumbuka bao lake la dakika za nyongeza kuliko wanavyokumbuka mabao ya fainali za kweli. Yote hayo yalifanyika bila mtandao na bila senti ya ziada baada ya diski.

Konami ilisema Master League itakuja katika eFootball kama nyongeza ya kulipia, na mwaka uliotajwa ulikuwa 2023. Mwaka huo ulipita bila kuleta Master League. Kilicholetwa ni My League, yaani ligi ya kucheza peke yako ukiitumia timu ileile uliyoijenga kwa kadi, ambayo inapitisha muda lakini haina biashara ya wachezaji, haina vijana wanaokua, haina bodi inayotaka kukufukuza. Nimesikia hoja kwamba ahadi hii inachelewa kwa sababu kazi yake ni kubwa. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama kazi ya kuchora kadi mpya nayo ingekuwa inachelewa.

Kwa nini inakuwa hivi? Jibu linahitaji kuitazama kampuni yenyewe. Konami ilianzishwa mwaka 1969 mkoani Osaka na Kagemasa Kozuki, ikiwa biashara ya kukodisha na kukarabati mashine za santuri za kulipia kwa sarafu, na kwa namna fulani haijawahi kuwa mbali na mashine ya sarafu. Hadi leo, pamoja na gemu, inatengeneza mashine za kasino na zile za kuchezea bahati za Kijapani zinazoitwa pachislot, na inaendesha vituo vya mazoezi ya mwili. Mwaka 2015 mkuu wa kitengo chake cha gemu, Hideki Hayakawa, alieleza hadharani kwamba mwelekeo wa kampuni utakuwa simu, na mwaka huohuo Hideo Kojima, baba wa gemu za kijasusi za Metal Gear, akaondoka, huku Silent Hills, gemu ya kutisha aliyokuwa anaiandaa, ikifutwa. Mwaka uliofuata mashabiki waliokuwa wakiililia Metal Gear Solid 3 irudi walioneshwa mashine ya pachislot yenye picha zake mpya za kuvutia. Januari 2021, ilipotangazwa kwamba vitengo vitatu vya uzalishaji vinavunjwa na kupangwa upya, watu waliamini kampuni inafunga kabisa kazi ya gemu, na ikabidi Konami ijitokeze kukanusha.

Miaka ya karibuni picha imebadilika. Silent Hill 2 ilitengenezwa upya na kutoka Oktoba 2024, Metal Gear Solid 3 ikafuata Agosti 2025 kwa jina la Delta, na Silent Hill f ikatoka Septemba mwaka huo. Mashabiki wa hadithi za kutisha na za kijasusi wamerudishiwa vyao, vikiwa vizima, vya kununua mara moja na kumaliza. Hapo ndipo mpenzi wa soka anapouliza mbona yeye hajarudishiwa, na wengine wanahitimisha kwamba Konami imeichoka soka na siku moja itaizima mitambo na kuondoka.

Mimi naona kinyume chake. Kitengo cha burudani ya kidijitali ndicho kikubwa kuliko vyote ndani ya Konami, na eFootball ni moja ya nguzo zake, ikiwa imeshapakuliwa zaidi ya mara milioni 750 kufikia mwishoni mwa 2024. Oktoba mwaka huo FIFA, ambayo ilikuwa imeachana na EA baada ya gemu ya FIFA 23, ilikubaliana na Konami kuendesha kombe lake la dunia la gemu, FIFAe, kwa kutumia eFootball, na fainali zikachezwa Riyadh mwezi Desemba, zikiwa na mashindano ya konsoli na ya simu. Kampuni inayotaka kuondoka haifungi mikataba ya namna hiyo. Soka haijatelekezwa hata kidogo; imepata umbo linaloingiza fedha kila wiki, na ndiyo maana hakuna haraka ya kurudisha umbo la zamani ambalo mtu alilipia mara moja akacheza mwaka mzima kimya kimya. Anayesubiri Konami ichoke na kadi ndipo irudishe Master League atasubiri sana, kwa sababu kadi ndizo zinazolipa mishahara.

Kuhamia kwa jirani nako hakuponyi. EA Sports FC huuzwa kwa bei kamili kila Septemba na bado ina duka lake la kadi ndani, Ultimate Team, na katika mwaka wa fedha wa 2023 zaidi ya asilimia 70 ya mauzo ya EA yalitokana na huduma za kuendelea kama hizo. Septemba 2025 ilitangazwa kwamba EA inanunuliwa kwa dola bilioni 55 na mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia pamoja na washirika wake, na dola bilioni 20 kati ya hizo ni za mkopo. Mkopo wa ukubwa huo utalipwa na wachezaji, na sitegemei ulipwe kwa kupunguza bei ya kadi. Sifa moja ya EA ambayo Konami haina ni kwamba Career Mode, sehemu yake inayofanana na Master League, ipo ndani ya boksi siku ya kwanza, hata kama imefanyiwa marekebisho madogo tu.

Kwa hiyo ushauri wangu unategemea wewe ni nani. Mwenye simu na bando la kutosha, anayetaka mechi mbili tatu jioni, aipakue eFootball, acheze na GP za bure, asinunue sarafu hata moja kwa miezi ya mwanzo. Atagundua kwamba kikosi cha wachezaji wa kawaida wenye majukumu yanayoeleweka kinamfunga jirani mwenye Epic kila nafasi. Mwenye banda asiitupe diski ya PES 2021 wala zile za zamani, kwa kuwa wateja wake hulipia mechi ya watu wawili, timu yoyote, sasa hivi, bila kusubiri sasisho la gigabaiti kadhaa kushuka kwa mtandao wa simu, na kwa kazi hiyo eFootball haijamfikia mama yake. Mpenzi wa Master League asinunue konsoli kwa ajili ya ahadi. Tarehe na bei zikitangazwa pamoja, ndipo afungue pochi.

Kwa mpira wa uwanjani naipa 8 kati ya 10. Kwa duka lake, 4. Kwa namna kampuni inavyowaeleza wateja nini kinakuja na lini, 3, na hiyo moja ya ziada juu ya 2 ni kwa kurudisha fedha za watu mwaka 2021 bila kuzungushana.